Kukata au Kushona: Tathmini ya Upasuaji wa Goti Langu Jijini Kisumu

Miezi tisa imepita tangu nifanyiwe upasuaji wa goti la kulia katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Kisumu, na kwa kuwa walimu wenzangu watatu wameshaniuliza kama huduma ile inastahili gharama yake, nimeonelea niandike mara moja ili nisirudie habari ile ile kila tunapokunywa chai ya saa nne. Hospitali yenyewe sitaitaja jina. Daktari anaweza kuhamia Eldoret kesho na mashine ikaharibika keshokutwa. Ninachoweza kukipima kwa haki ni kazi iliyofanywa kwenye goti langu, na jinsi uamuzi wa kuishona meniska, ule mto mdogo uliopasuka kati ya mifupa ya goti, badala ya kuikata ulivyofikiwa.

Niliumia katika mechi ya walimu dhidi ya kidato cha nne, na hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nimekanyaga imara kwa mguu wa kulia, nikageuza kiwiliwili kuufuata mpira, mguu ukabaki ulipokuwa, na ndani ya goti nikasikia mlio kama wa kijiti kibichi kinapovunjwa. Jioni hiyo nilitembea mwenyewe hadi kituo cha matatu. Asubuhi goti lilikuwa limevimba, na baada ya wiki mbili likaanza kukwama: nikiinuka baada ya kusahihisha madaftari, mguu ulikataa kunyooka mpaka niutikise na kuusokota kidogo, ndipo kitu fulani ndani kirudi mahali pake kwa kishindo kidogo nilichokisikia mfupani kuliko masikioni. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba goti linalouma tu linaweza kusubiri na kufanyishwa mazoezi, lakini goti linalokwama kwa namna ile lina kipande kilichohama, na kipande hicho hakiondoki kwa dawa ya kuchua.

Daktari wa kwanza niliyemwona yuko Nakuru, kwa sababu kaka yangu anaishi huko na ndiye aliyenilipia picha ya MRI. Alinipokea vizuri, akaiangalia picha, akaniambia kwamba meniska ya upande wa ndani imepasuka, kwamba kipande kilicholegea hukatwa na kutolewa kupitia vitundu viwili vidogo, na kwamba baada ya wiki sita hivi ningeweza kurudi uwanjani. Kwa mtu mwenye watahiniwa wanaomsubiri, maneno hayo yalikuwa matamu. Wala hapakuwa na uongo ndani yake: ukiondolewa sehemu tu ya meniska, unaweza kuukanyagia mguu karibu mara moja, na wengi hurudi kazini kabla hata jirani hajajua kwamba walikuwa wamelazwa.

Wa pili, huyu wa Kisumu, alichukua bahasha ya picha zile, akaigeuza, akachora mgongoni mwake nusu mwezi mbili zinazotazamana. Akaniambia kwamba kila goti lina meniska mbili za umbo hilo, zimekaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na kwamba mtu akisimama wima hubeba kama nusu ya uzito unaopita kwenye goti, na akilikunja goti kwa nyuzi 90 hubeba hadi asilimia 85. Kisha akachukua kalamu nyekundu na kutia rangi ukingo wa nje pekee. "Mwalimu, damu inafika hapa tu," alisema. "Penye damu pana kupona. Huku ndani kweupe, hata nikushonee kwa uzi wa dhahabu, hapashikani." Mpasuko wangu, kwa jinsi picha ilivyoonyesha, ulikuwa wima, umefuata urefu wa meniska kwa nyuma, ndani ya ukingo ule mwekundu au mpakani mwake. Bahasha hiyo ninayo hadi leo, na katika fedha zote nilizotumia, dakika kumi zile ndizo ninazoona zilinipa faida kubwa zaidi.

Nilimuuliza kwa nini basi daktari wa Nakuru alitaka kukata. Hakumsema vibaya mwenzake. Alisema kwamba kwa miaka mingi madaktari duniani kote waliiona meniska kama kitu kisicho na kazi. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza John Bland-Sutton aliandika kwamba ni mabaki tu ya msuli wa mguu, na kwa vizazi kadhaa baada yake ilikuwa kawaida kuitoa nzima ikileta shida. Ilipofika mwaka wa 1948 ndipo daktari Fairbank alipochapisha picha za eksirei za magoti yaliyotolewa meniska, zikionyesha nafasi ya kiungo imepungua na mifupa imeanza kubadilika umbo. Cha kushangaza ni kwamba kushona si uvumbuzi wa juzi: Thomas Annandale alikwisha kuishona meniska huko Edinburgh mwaka wa 1883, akiwa amelifungua goti kwa kisu, miaka mingi kabla ya kamera ya kuingizwa kiungoni. Kazi yake ilikaa pembeni kwa muda mrefu, mpaka Wajapani walipoikuza njia ya kamera na daktari mmoja wao, Ikeuchi, akashona kwa kuitumia jijini Tokyo mwaka wa 1969.

Kilichonifanya nimwamini daktari huyu ni kwamba hakuniuzia kushona kama muujiza. Aliniambia waziwazi kwamba kati ya magoti matano yaliyoshonwa, moja hivi hurudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu mshono umeshindwa, ilhali waliokatwa sehemu tu hurudishwa kwa uchache zaidi. Aliniambia kwamba ningevaa kifungio cha goti kwa wiki sita, kwamba mpira ungesubiri nusu mwaka, na kwamba gharama ingekuwa juu kwa sababu vile vifungo vidogo vya kushonea huagizwa kutoka nje na kila kimoja hulipiwa peke yake. Upande wa pili wa mizani aliweka umri wangu wa miaka 34, mpasuko ambao ulikuwa wa wiki chache na haukuwa wa miaka, na ukweli kwamba kipande kilichokatwa hakioti tena. Uamuzi akaniachia.

Hapa sina budi kumtaja mama mkwe wangu, maana aliposikia nimeshonwa goti naye alitaka ashonwe la kwake. Ana zaidi ya miaka sitini, amelima na kubeba mizigo maisha yake yote huko Vihiga, na MRI yake iliandikwa neno lile lile, kwamba meniska imepasuka. Nilimpeleka kwa daktari yule yule nikitarajia tutapangiwa tarehe. Badala yake daktari alimwuliza kama goti hukwama, mama akasema halikwami, linauma tu akipanda mlima na usiku. "Mama, hii haikupasuka kama ya mwanao," alimwambia. "Hii imechakaa, kama ukindu wa mkeka wa zamani. Nikiingia kukata, nitakuachia maumivu yako na kovu juu yake." Alimpa mazoezi ya kuimarisha mapaja, dawa ya maumivu ya kutumia kwa kiasi, na ushauri wa kupunguza uzito ambao mama hakuupenda. Baadaye niliusoma utafiti aliokuwa akiutegemea: mwaka wa 2013 madaktari wa Finland waliwagawa wagonjwa 146 wenye meniska zilizochakaa, nusu wakakatwa kweli na nusu wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza tu, na baada ya mwaka mmoja hali zao hazikuwa na tofauti ya maana. Hospitali inayokataa kupasua mtu aliye tayari kulipa inastahili alama kwa hilo pekee.

Siku ya upasuaji ilianza vibaya. Niliambiwa nifike saa kumi na mbili asubuhi bila kula, nikaingizwa saa nane mchana, na katikati hakuna aliyekuja kutueleza kinachochelewesha. Hati ya ridhaa niliiletewa nikiwa tayari nimevaa gauni la hospitali na kulazwa kwenye kitanda cha magurudumu, imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na palipopaswa kuelezwa upasuaji wenyewe paliandikwa tu kwamba ni kamera ya goti pamoja na matibabu yatakayohitajika. Maneno hayo yanaweza kubeba kukata, kushona, hata kutofanya lolote. Nilikataa kutia sahihi mpaka daktari aje. Alikuja, akacheka kidogo, akaongeza kwa mkono wake kwamba atashona panaposhoneka na atakata pasiposhoneka tu, sote wawili tukatia sahihi pembeni ya mstari huo. Muuguzi alinikazia macho, lakini sijutii. MRI haioni kila kitu, na daktari huujua mpasuko kwa hakika akiwa tayari ameingia ndani, wakati mgonjwa hawezi tena kuulizwa vizuri. Kwa hiyo makubaliano hufanywa kabla.

Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikalala, mimi nikabaki macho nikitazama skrini. Vitundu viwili vilitobolewa chini ya kilegesambwa, yaani ule mfupa wa mbele ya goti, neno ambalo wanafunzi wangu hulicheka kila nikilitaja, kimoja cha kamera na kingine cha vifaa, na maji ya chumvi yakawa yakipita humo muda wote ili kuona kuwe wazi. Meniska yangu ilionekana nyeupe, nyororo, kama mnofu wa dafu. Daktari aliingiza ndoano ndogo butu akauvuta ukingo wake, nao ukafunuka kama mfuko wa shati ulioshonoka upande mmoja. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: kabla ya kushona, alizikwaruza kingo zote mbili za mpasuko kwa tupa ndogo mpaka zikatoa damu. Fundi wa nguo hukunja ukingo uliochakaa akaficha. Huyu alikuwa akiuamsha jeraha, kwa kuwa mshono wenyewe hushikilia tu, na kazi ya kuunganisha ni ya damu.

Kushona kuna njia tatu, na katika goti langu zilitumika mbili. Ya zamani zaidi kati ya hizo mbili ni ya kutoka ndani kwenda nje: sindano ndefu zinazopindika hupenyezwa kutoka ndani ya kiungo, zikatokea ubavuni mwa goti ambapo ngozi imepasuliwa kidogo, na uzi ukafungwa juu ya ngozi ngumu inayokifunika kiungo. Inashika vizuri na nyuzi zake si ghali, lakini inahitaji jeraha la ziada na uangalifu mkubwa, kwani upande wa ndani wa goti unapita mshipa wa fahamu wa ngozi, na upande wa nje unapita ule unaoinua wayo. Ya pili ni ya ndani kwa ndani, ambapo kifaa chembamba huingia kwa kitundu kile kile na kuacha vifungo viwili vidogo nyuma ya meniska vikiunganishwa na uzi unaokazwa kwa kuvutwa. Haina jeraha la ziada, ni ya haraka, inafaa sana kwa mpasuko wa nyuma, na bei yake inauma. Tena sindano yake ikizama kupita kiasi, nyuma ya goti kuna mshipa mkubwa wa damu usiotaka utani. Ya tatu, ya kutoka nje kwenda ndani, hufaa zaidi mpasuko wa mbele ya meniska, nami sikuihitaji. Nilishonwa mishono mitatu nyuma kwa njia ya ndani kwa ndani, na miwili katikati kwa njia ya kutoka ndani kwenda nje. Kuchanganya namna hiyo kulinipunguzia ankara, na hakika mishono yote mitano ingewekwa kwa kifaa kile cha ghali kama daktari angekuwa mvivu au mpenda faida. Kovu la ubavuni lina urefu wa kidole gumba, na pembeni yake kuna sehemu ya ngozi, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, ambayo mpaka leo haisikii kitu nikiigusa. Nilikuwa nimeonywa juu ya hilo.

Kijana aliyelala kitanda cha pili alikuwa na tatizo jingine ambalo watu wengi hulichanganya na langu. Yeye ni mwendeshaji wa bodaboda aliyeanguka njia ya Mamboleo akapiga goti kwenye ukingo wa barabara, na kilichong'oka ni kipande cha gegedu laini linalofunika ncha ya mfupa wenyewe. Hilo halishonwi hivi hivi, kwa kuwa halina mishipa ya damu kabisa. Daktari William Hunter alikwisha kuandika mwaka wa 1743 kwamba gegedu likiharibika halirudi. Alitobolewa vitundu vidogo vidogo kwenye mfupa ulio wazi ili damu ya uboho itoke, igande na kuziba pengo, njia iliyoenezwa na Mmarekani Richard Steadman. Kinachoota hapo ni tishu ya nyuzinyuzi, afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini dhaifu kuliko ya asili, na hufanya vizuri zaidi pengo likiwa dogo. Ziko njia nyingine: Mhangari László Hangody alianza mwaka wa 1992 kuhamisha vipande vya gegedu pamoja na mfupa wake kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito mwingi, na Waswidi Brittberg na Peterson walieleza mwaka wa 1994 jinsi ya kuzichukua seli za mgonjwa, kuzikuza maabara na kuzirudisha kwa upasuaji wa pili. Kwa kijana yule njia hizo zilitajwa tu. Alichopewa ni magongo na amri ya kutoukanyagia mguu kwa wiki sita, na swali lake la kwanza lilikuwa nani atakayelipa mkopo wa pikipiki.

Sasa nieleze upande ambao hospitali hii ilinipungukia. Kifungio cha goti nilichouziwa kilikuwa cha mtu mwenye mapaja mara mbili ya yangu. Asubuhi kilikuwa gotini, adhuhuri kilikuwa kwenye kifundo cha mguu. Nilikirudisha, nikaambiwa hakirudishwi. Nilimpelekea fundi wa viatu sokoni Kibuye akaongeza mikanda miwili kwa bei ya chakula cha mchana, kikakaa. Idara ya mazoezi ya viungo nayo hufunguliwa asubuhi za siku za kazi tu, na mwalimu hana asubuhi. Mtaalamu mwenyewe ni hodari na mpole, lakini mara nne nilikuta foleni imenizidi, nikarudi shuleni bila kuonwa. Hili ni doa kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa aliyekatwa anaweza kujikongoja akapona bila mtu, ila aliyeshonwa bila mazoezi yanayosimamiwa anaweza kuishia na mshono mzima ndani ya goti gumu.

Mazoezi yenyewe huanza kwa jambo dogo hadi linachekesha: unakunja taulo, unaliweka chini ya goti, unalibonyeza kwa nyuma ya goti na kuhesabu hadi kumi. Siku ya tatu nilijaribu, na msuli wa paja haukujibu kabisa, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Wiki sita za kwanza sikuruhusiwa kukunja goti kupita nyuzi 90, na kuchuchumaa kabisa kulikatazwa kwa miezi minne. Marufuku hiyo daktari aliitaja kwa sentensi moja, akaendelea. Hakuniuliza choo cha nyumbani kwetu kikoje. Nilipokwenda Seme kwa mazishi mwezi wa pili baada ya upasuaji, nilikuta choo cha shimo kama cha kila boma, na ilibidi mpwa wangu akate tundu kwenye kiti cha plastiki kwa kisu cha moto ili mjomba wake asiuchane mshono wa fedha nyingi kiasi kile. Yeyote anayeshona meniska za watu wa huku aulize kuhusu choo kabla ya kuuliza kuhusu mpira.

Kuhusu malipo, ankara yangu ilikuwa na kurasa mbili, na kila kifungo kiliandikwa kwa mstari wake pamoja na namba ya kibandiko cha pakiti, jambo lililonisaidia nilipodai sehemu ya fedha kutoka bima. Mwenzangu mmoja aliyekatwa kwingineko alipewa ankara ya mstari mmoja, na bima yake ikamzungusha kwa muda mrefu. Ombeni ankara yenye mistari kabla ya kulazwa, na vibandiko vya pakiti vibandikwe kwenye faili lenu.

Goti halijakwama tena hata mara moja. Nilianza kukimbia polepole katika mwezi wa tano baada ya upasuaji, na wiki iliyopita mtaalamu alipima mapaja yangu kwa utepe wa fundi cherehani: la kulia bado limepungukiwa na sentimita moja na nusu. Kwa hiyo naipa kazi ya daktari nyota tano, maelezo yake kabla ya kisu nyota tano, mapokezi na idara ya mazoezi mbili. Kidato cha nne wa mwaka huu wameleta barua ya kuomba mechi ya marudiano. Nimewajibu kwa maandishi kwamba nitapatikana utepe utakaposoma sawa pande zote mbili.